Pombe ya Mtungini: Upikaji wa Vinywaji Nyumbani Ngoingwa na Viunga vya Thika

Kupika pombe nyumbani ni kuiachia hamira sukari ili iigeuze kuwa kileo, kwa kiasi kinachotosha kaya moja na wageni wake. Ngoingwa, mtaa wa makazi ulio kando ya barabara ya kutoka Thika kwenda Mang'u, kazi hii ina nasaba mbili. Ya kwanza ni ya wazee wa Kikuyu, wenye njohi, yaani pombe, yao ya asali au miwa iliyochachuliwa kwa tunda la muratina. Ya pili ni changa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 Nairobi imekuwa na mabaa yanayopika bia yao wenyewe, Brew Bistro ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, na waliozionja bia hizo wakaanza kujiuliza kama jambo lile lile haliwezi kufanyika jikoni kwao. Mwenye nasaba ya kwanza hurithi kibuyu, mwenye ya pili hununua haidromita. Wote wawili wanafuga kiumbe kile kile.

Neno la Kiswahili linalofundishwa katika shule za Kenya kwa kitu mtu anachokifanya kwa kupenda ni uraibu, na neno hilo hilo ndilo linalotumika kumtaja aliyeshindwa kuiacha chupa. Lugha yenyewe basi haimsaidii anayetaka kueleza kwamba anapika pombe kwa sababu ya kazi ya kuipika. Mkanganyiko huo hauko katika neno peke yake. Katika mazungumzo ya umma eneo la Kati, muratina ya harusi, busaa ya mama anayelipia karo, chang'aa na spiriti ya kiwandani iliyopakwa rangi huwekwa kapu moja linaloitwa pombe haramu. Ukiangalia jinsi kila kimoja kinavyotengenezwa, kapu hilo lina vitu visivyofanana hata kidogo.

Muratina ni jina la mti, la tunda lake na la pombe inayotokana nalo. Kwa Kiswahili mti huo ni mwegea au mvungunya, na wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Tunda lake huning'inia kwa kikonyo kirefu kama soseji nene, hufika nusu mita na zaidi, na huwa na uzito wa kilo kadhaa. Likiwa bichi halifai kuliwa. Husokota tumbo na kuharisha vibaya. Kinachotakiwa humo ni nyuzi. Tunda lililokomaa hupasuliwa kwa urefu, huondolewa mbegu, huanikwa juani, kisha huchemshwa ili uchungu utoke. Baada ya hapo hulowekwa katika juisi kidogo ya miwa au maji ya asali na kuwekwa mahali penye joto kwa siku moja hivi, likatolewa na kuanikwa tena. Juisi ya mzunguko huo wa kwanza humwagwa, maana ni chungu. Lakini tunda limekwisha kupata kilichokuwa kinatafutwa: hamira imejipenyeza katikati ya nyuzi, ikakauka humo, na itaamka mara itakapokutana na utamu tena.

Hapo ndipo ustadi wa jambo zima ulipo. Mpishi wa muratina hahitaji kununua hamira wala kusubiri ile inayopeperuka hewani, kwa kuwa anayo akiba iliyochujwa na mizunguko mingi iliyotangulia. Tunda lililotoa pombe nzuri hutunzwa na kutumiwa tena, lililotoa siki hutupwa. Kwa kufanya hivyo vizazi kwa vizazi, wazee walikuwa wakichagua mbegu ya hamira bila kuiona, kama mkulima achaguavyo hindi la mbegu. Wakulima wa magharibi mwa Norway walifanya jambo la namna hiyo hiyo: hamira yao, waiitayo kveik, walikuwa wakiikausha juu ya pete ya mbao au kitambaa na kuitundika hadi upishi mwingine. Leo kveik hukaushwa viwandani na kuuzwa kwa pakiti kwa wapishi wa nyumbani dunia nzima. Hamira ya muratina bado iko kwenye magunia darini.

Kinachobaki ni sukari na joto. Zamani miwa ilimenywa, ikatwangwa kwenye kinu na kukamuliwa. Siku hizi mashine ya kukamulia miwa humaliza kwa saa moja kazi iliyokuwa ikiwachukua watu kutwa. Asali hupendwa zaidi kwa shughuli zenye heshima. Juisi humiminwa kwenye vibuyu au mtungi wa plastiki, matunda makavu hutumbukizwa, na chombo huwekwa karibu na meko. Kwa siku moja hadi nne povu hupanda na sauti ya kutokota husikika. Pombe hunywewa ikiwa bado inafanya kazi, tamu kidogo na chachu kidogo. Ikiachwa wiki nzima utamu huisha, kileo hupanda, na bakteria wa siki huanza kudai sehemu yao.

Pombe hiyo haikuwa ya kila mtu. Katika *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta anaionyesha ikiwa ndani ya kila hatua ya posa, kuanzia njohi ya njoorio, yaani ile ya kwenda kuuliza kama binti atatolewa. Ilikuwa kinywaji cha wazee. Kijana aliyeonekana nacho mkononi alikuwa ameruka daraja. Desturi ya mahari imebaki na nguvu Kiambu, kaunti ilimo Thika, na siku ya ngurario, sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakikuyu, katika nyumba za Thika kibuyu na pembe huonekana mezani, hata kama bwana harusi ni mhandisi anayeishi ghorofani. Familia za makanisa yanayokataza pombe huweka juisi au soda mahali pake. Familia zisizokatazwa humtafuta mzee anayejua kupika, na kwa kijana mwenye udadisi hapo ndipo mafunzo huanzia.

Hesabu ya kileo ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Takriban gramu 17 za sukari katika kila lita hutoa asilimia moja ya kileo. Mtungi wa lita 20 wenye kilo 3.4 za sukari utafika asilimia 10 hamira ikila yote. Asali ni sukari kwa karibu asilimia 80, kwa hiyo kilo 5 za asali katika mtungi huo huo huelekea asilimia 12. Juisi ya miwa yenye gramu 150 za sukari kwa lita haiwezi kuvuka asilimia 9 bila kuongezwa kitu. Haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea, hupima jinsi kimiminika kilivyo kizito kwa sukari kabla na baada, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo kileo kilichopatikana. Mzee wa muratina hupima kwa ulimi. Ulimi humwambia vizuri kama pombe imeiva. Kiasi cha kileo humwambia kwa kukisia tu, na ndiyo maana wageni wengi wamewahi kudanganywa na utamu wa asali.

Bia ya shayiri ni hesabu ngumu zaidi, kwa sababu nafaka haina sukari bali wanga. Punje hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa ili ukuaji usimame: hicho ndicho kimea. Katika kuchipua, punje hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Kimea kilichosagwa hulowekwa katika maji ya nyuzi 63 hadi 68 za Selsiasi kwa muda wa saa moja, maji matamu huchujwa, huchemshwa na hopsi, maua yanayoleta uchungu, hupozwa haraka na kutiwa hamira. Shayiri hulimwa Kenya, hasa nyanda za Narok, Mau na Timau, lakini mkondo wake mkubwa huelekea kwenye viwanda. Hopsi ni shida ya aina nyingine. Mmea huo unaotambaa hutaka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini ili utoe maua vizuri, na Thika, iliyo nyuzi moja tu kusini mwa Ikweta, ina saa 12 za mchana mwaka mzima. Afrika Kusini ililazimika kuzalisha aina zake mahususi kwa ajili ya mashamba ya eneo la George. Mpishi wa Ngoingwa huagiza hopsi kutoka nje, na gharama hiyo ndiyo huwarudisha wengi kwenye asali na nanasi.

Mwinuko nao una neno lake. Thika iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Uchungu wa hopsi hutolewa na joto, hivyo maelekezo yaliyoandikwa London au Mombasa yakifuatwa neno kwa neno Thika huleta bia isiyo chungu inavyotakiwa. Dawa ni kuchemsha zaidi au kuongeza hopsi. Kwa upande wa hamira, hata hivyo, mji huo umejaliwa. Hamira nyingi za bia za asili ya Kiingereza hupenda nyuzi 18 hadi 22, na chumba cha ndani chenye kivuli Ngoingwa hukaa karibu na hapo bila mtambo wowote kwa sehemu kubwa ya mwaka. Februari na Machi joto huzidi, na mtungi huwekwa ndani ya beseni la maji na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Julai, baridi ikikaza usiku, hamira huzubaa na mtungi huvikwa blanketi kama mgonjwa. Bia za laga, zinazotaka nyuzi 10 hivi kwa wiki kadhaa, hazipikiki bila jokofu.

Laga ndiyo bia ambayo Mkenya huielewa akisikia neno bia, na hilo ni kazi ya viwanda. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na kujengwa Ruaraka, kando ya barabara ya kutoka Nairobi kwenda Thika. Thika yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha bia: kampuni ya Afrika Kusini ilifungua hapo kiwanda cha Castle mwaka 1998, vikazuka vita vya bei vilivyowafurahisha wanywaji, kisha mwaka 2002 wakubwa wawili wakagawana soko. Castle ikafunga Thika, na upande wa Kenya Breweries, wenye bia ya Tusker, ukaachia kiwanda chake cha Moshi, Tanzania.

Afrika Mashariki haikusubiri shayiri ili ipate bia. Busaa ya magharibi mwa Kenya, ambayo wapangaji kutoka Kakamega na Busia wameifikisha mitaani Thika, hutokana na unga wa mahindi uliokandwa na kuachwa uchachuke kwa siku kadhaa, ukakaangwa juu ya bati hadi uwe na rangi ya kahawia, kisha ukachanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kukaanga huko si mapambo. Wanga wa mahindi na mtama hulainika kwa joto kubwa kuliko wa shayiri, joto ambalo huharibu vimeng'enya; kwa hiyo unga hupikwa kwanza, na kimea huja baadaye kikiwa hai. Anayejaribu kutengeneza bia ya mtama kwa maelekezo ya shayiri hupata uji. Mabibi wa Kakamega walishalitatua tatizo hilo kwa bati na moto. Wachagga wa Kilimanjaro nao wana jibu kwa swali la hopsi: mbege yao ya ndizi na kimea cha ulezi hutiwa magome ya msesewe, yanayoleta uchungu unaokata utamu wa ndizi. Wapishi wapya wanaolalamikia bei ya hopsi wangefanya vyema kuanzia hapo.

Matunda ni njia rahisi zaidi ya kuanza, na Thika ni mji wa mananasi. Nanasi lililoiva lina sukari ya kutosha kuleta kileo cha asilimia 6 au 7 bila kuongeza chochote, na uchachu wake wa asili huwazuia bakteria wengi. Maganda yenyewe, yakilowekwa siku mbili au tatu na sukari na mdalasini, hutoa kinywaji chepesi chenye povu ambacho Wamexico hukiita tepache. Tangawizi iliyopondwa na kulishwa sukari kila siku hutengeneza chachu ya nyumbani kwa ajili ya soda ya tangawizi. Nje ya kileo kuna uji uliochachuliwa, ambao Wakikuyu huufanya kwa unga wa nafaka uliolowekwa siku kadhaa, na maziwa lala. Vinywaji hivi huendeshwa zaidi na bakteria wa uchachu wa maziwa kuliko hamira, na kwa mtu asiyekunywa pombe ni darasa lile lile la joto, usafi na subira.

Usafi ndio unaotenganisha mpishi na mwenye bahati. Kila kitu kinachogusa kimiminika baada ya kupoa hutakiwa kiwe kimeuawa vijidudu, ama kwa maji yanayochemka ama kwa dawa. Dawa ya klorini kama Jik hufaa kwa vyombo, mradi visuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, maana mabaki ya klorini hukutana na kimea na kutoa ladha ya hospitali. Maji ya bomba pia huwa na klorini; kuyachemsha au kuyaacha wazi usiku kucha hupunguza tatizo. Mtungi uwe ule wa kuhifadhia chakula, si ule uliobeba kemikali. Mfuniko usibane kabisa: mpira mwembamba hutolewa kutoka mtungini hadi kwenye chupa ya maji, hewa ukaa ikatoka na inzi wasiingie. Ajali ya kawaida zaidi katika uraibu huu ni chupa kupasuka. Bia iliyotiwa chupani kabla sukari haijaisha huendelea kutoa hewa, na kioo kina kikomo. Gramu 6 hadi 8 za sukari kwa lita, zikitiwa baada ya bia kukoma kabisa, hutosha kuleta povu.

Hofu kubwa ya watu, hata hivyo, ni upofu na kifo, na hapo kapu la pombe haramu huleta madhara halisi. Kinachopofua ni methanoli. Mwili huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa macho na kuchafua damu. Hamira ikila sukari hutoa ethanoli; methanoli hutokea kidogo tu, kutoka kwenye pektini ya matunda, na kiasi hicho ndani ya muratina, busaa au mvinyo wa nanasi hakimfikishi mtu kwenye sumu. Maafa makubwa ya Kenya yana chanzo kingine. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Mukuru, Nairobi, kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 makumi wengine walikufa Embu, Kiambu na kaunti za jirani, na sehemu ya kilichowaua ilikuwa imefungwa chupani na kubandikwa lebo. Methanoli ni kemikali ya viwandani iliyo rahisi kupatikana. Anayetaka faida ya haraka huinunua na kuitia ndani.

Kukeneka ni mpaka mwingine. Chang'aa hupatikana kwa kuchemsha kangara, yaani mchanganyiko uliochachuka, na kukusanya mvuke, na kazi hiyo hukoleza kila kilichomo, kizuri na kibaya, mbali na hatari ya moto jikoni na metali zinazotoka kwenye mapipa ya ovyo. Uganda ilijaribu kulidhibiti jambo hilo kwa sheria ya Enguli ya mwaka 1965, iliyowataka wakenekaji wawe na leseni na wauzie kiwanda. Katika nchi nyingi zinazoruhusu kupika bia nyumbani, kukeneka hubaki marufuku.

Sheria ya Kenya juu ya pombe ya nyumbani imepita njia iliyopinda. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliyafunga makoloni mengi ya Afrika yasiingizwe pombe kali za kibiashara. Katika miaka ya 1920 halmashauri ya Nairobi ilijitwalia haki ya kupika na kuuza pombe ya kienyeji katika mtaa wa Pumwani, na mwanamke aliyepika kwake akawa mhalifu anayeshindana na serikali kibiashara. Sheria ya machifu iliwapa wao mamlaka ya kuzuia na kuratibu upikaji wa pombe za kienyeji. Mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria yake maalumu. Miaka 30 baadaye, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibatiza jina la mbunge John Mututho, ilifuta marufuku hiyo na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa viwango na kufungwa chupani. Sheria hiyo inataka leseni kwa kutengeneza na kwa kuuza, inaweka umri wa chini wa miaka 18, na imeandikwa ikimfikiria mfanyabiashara. Katiba ya 2010 iliupeleka utoaji wa leseni kwa kaunti. Julai 2015, kwa agizo la Rais Uhuru Kenyatta, wabunge wa eneo la Kati waliongoza umati kumwaga pombe, na katika zoezi hilo tofauti kati ya kilichochachuliwa na kilichotiwa sumu haikutazamwa sana.

Uingereza ilimtoa mpishi wa nyumbani kwenye leseni mwaka 1963. Marekani ilifuata kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978, ikiruhusu galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja na 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, bila kuuza. Wengi wa walioanzisha viwanda vidogo vya bia vya Marekani katika miaka iliyofuata walikuwa wamejifunzia jikoni kwao. Kipimo cha namna hiyo, chenye mpaka wa lita na katazo la kuuza, kingeifaa Kenya kuliko kumtaka mwenye mtungi mmoja avae viatu vya mwenye kiwanda.

Kwa sasa mambo huendeshwa kwa mazoea. Familia inayotarajia ngurario humjulisha chifu au naibu wake, hutaja siku na idadi ya wageni, na mzee huanza kazi siku nne kabla. Mwenye haidromita hupika kimya, lita 20 kwa wakati mmoja, na kugawia marafiki. Wageni wakishaondoka, matunda ya muratina huopolewa kwenye vibuyu, huoshwa bila sabuni, huanikwa juu ya bati hadi yawe mepesi kama sponji, na kurudishwa guniani.